Dawa ya Watu Wawili

Nianze na Egesa, maana ndiye aliyejiona mtu wa maana kuliko wote. Huyu ni mume wa Sharlyne, na Sharlyne ni mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo mimi ni shangazi yake wa damu. Egesa anashughulikia karatasi za malori pale mpakani Malaba. Kazi yenyewe ni kusimama dirishani na bahasha akingoja muhuri, lakini ukimsikia akiongea utadhani huo mpaka ulichorwa na babake. Ana simu mbili, ya Kenya na ya Uganda, na zote mbili anaziongelea ili mtaa mzima usikie. Anavaa viatu vyenye ncha hata siku za matope.

Jumatano moja Sharlyne alinipigia simu akilia. Mimi ni muuguzi, nimekaa zahanati moja karibu na soko la Chakol miaka kumi na tisa sasa, na mtu kulia kwa simu hakunishtui. Nilimwambia, "Futa kamasi kwanza, Sharlyne, ndiyo uongee."

"Shangazi Perez, wameitisha kikao Jumamosi, kwao Namboboto. Egesa amewaambia ninatoka nje ya ndoa."

"Na unatoka?"

"Haki ya Mungu, sijatoka!"

"Sasa wanasema wameona nini?"

Nikamsikia akipenga kamasi. Halafu kwa sauti ndogo akasema ni harufu. Ati kila Egesa akimkaribia anasikia harufu ya samaki, ikitibiwa inaisha wiki mbili tatu, kisha inarudi. Egesa alipeleka habari hiyo kwa marafiki zake kwenye chungu cha pombe, nao wakamwambia mke anayerudiwarudiwa na ugonjwa wa huko chini ana mwanaume mwingine anayempatia. Kesi ikaishia hapo hapo, mahakimu wakiwa bado na povu mdomoni.

"Wanataka kunirudisha nyumbani," Sharlyne akasema. "Na Yvonne abaki."

Yvonne ni binti yao wa miaka mitatu. Hapo nikaacha kufanya mzaha. Mambo ya kwetu nayajua: mahari ikishatoka mtoto ni wa boma, na mama akirudishwa kwa aibu hapewi hata sweta la mtoto akumbuke nalo. Ndiyo, kuna ofisi ya kutetea watoto. Sharlyne angepanga foleni huko mwaka mzima, na mwaka ukiisha Yvonne angekuwa anamwita nyanyake mama.

"Kesho saa mbili asubuhi uwe hapa," nikamwambia. "Na usijioshe huko chini. Usiguse kabisa."

"Nisioge, shangazi?"

"Osha miguu, osha uso, osha masikio. Huko wacha."

Alikuja na Yvonne, macho yamemvimba. Nilimweka chumba cha ndani, nikamuuliza anajioshaje. Akafungua mkoba akatoa mali zake, akazipanga kitandani kwangu bila hata kuona haya: kipande cha sabuni nyeusi, jiwe la shabu, unga wa majani kwenye karatasi ya nailoni, na chupa ya maji ya kahawia ambayo nilipoifungua nilikohoa. Asubuhi na jioni anaosha ndani kwa kidole na ile sabuni. Halafu anatia unga, ili pakauke.

"Umefanya hivi tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Woi! Na nani alikufundisha huu upumbavu?"

"Madamu Sylvia."

Huyo Sylvia namjua. Ana chumba cha ghorofani mjini Busia, nyuma ya maduka ya mitumba, na anajiita senga. Kule ng'ambo Uganda, senga ni shangazi, yule dada ya baba anayemfundisha msichana mambo ya chumbani kabla ya kuolewa. Siku hizi imekuwa biashara, unaweza kukodi shangazi vile unakodi hema la matanga. Sylvia ametundika cheti kikubwa ukutani, chenye muhuri mwekundu na utepe. Siku moja niliingia mle nikajifanya mteja ili nikisome, na ni cheti cha kusuka nywele. Wanawake wazima wanapanda ngazi zile wakiwa na afya, wanashuka na sabuni.

"Na wewe ulijuaje njia ya kwake?"

Sharlyne akavuta pumzi. "Egesa ndiye alinipeleka. Alisema niko majimaji sana. Ati wanawake wa ng'ambo hawako hivyo."

Nilitaka kucheka, hasira ikatangulia. Mwanaume anampeleka mkewe mwenyewe akaharibiwe, halafu anaitisha wazee waje waone ameharibika! Nikamgeukia Sharlyne, maana hasira ikikosa mwenyewe hushika aliye karibu.

"Na mimi? Shangazi wa damu, tena muuguzi, nakaa hapa natoa mafunzo kwa wanawake nisiowajua kila Jumanne. Ulishindwa kuniuliza?"

Alitazama sakafu. "Uko na mdomo, shangazi."

Nikajifanya sijasikia, nikavaa glavu.

Sampuli za ute na za damu nilizichukua mimi, nikampelekea Protus wa maabara. Protus ni mtu mzima asiyesema neno mpaka aulizwe, na hiyo ndiyo sababu namheshimu. Baada ya muda aliniita nitazame mwenyewe kwenye hadubini. Kwa mwanamke mwenye afya unaona vijiti virefu vimelala kila mahali, hao ndio bakteria wazuri. Kwa Sharlyne sikuona hata kimoja. Zilikuwepo seli zimejaa vidoadoa pembeni, vijidudu vya aina nyingine vimezikalia kama nzi. Kisonono hakuna, kaswende hakuna. Kipimo cha Ukimwi kilikuwa safi, na hapo nilishukuru Mungu kwa sauti.

Nikarudi kwa Sharlyne nikavuta kiti.

"Sikiza vizuri, kwa sababu Jumamosi utawasikia wajinga wengi na lazima ujue ukweli. Huko ndani kuna wenyeji. Ni bakteria wadogo, ukoo mmoja na wale wanaogandisha maziwa ya mala. Wanatengeneza uchachu, na ule uchachu unawafukuza wageni wabaya. Ule ute Egesa anaoulalamikia ni afya yako. Uke unajisafisha wenyewe, Sharlyne, vile jicho linajisafisha. Umewahi kuona mtu akitia sabuni kwenye jicho?"

"Hapana."

"Basi wewe umetia miaka miwili. Wenyeji umewaua wote, na nyumba ikibaki wazi wageni wanaingia. Hao ndio wananuka. Na usidhani ni harufu tu. Palipochubuka hivyo, virusi vya Ukimwi hupita kwa urahisi. Ukipata mimba nayo inaweza kutoka kabla ya wakati."

"Kwa hiyo si ugonjwa wa umalaya?"

"Hakuna mtu anaweza kutazama kipimo hiki akajua umelala na nani. Kuna wanawake hawajajua mwanaume mwingine maisha yao yote na wana shida hii hii. Hata wasichana ambao hawajaguswa, mara moja moja."

Alianza kulia tena, safari hii kwa kupumua vizuri. Halafu akauliza swali la akili, na Sharlyne si mjinga, ni vile tu aliolewa mapema. "Mbona nikitibiwa inarudi?"

"Kwanza ni sabuni. Pili ni bwana yako. Hao wageni wanajificha kwenye ngozi ya mwanaume, na yeye hasikii chochote, hawashwi, hanuki. Wewe unameza dawa unapona, yeye anakuletea tena. Zamani sisi wauguzi tulikuwa tunasema mume hahusiki. Mimi mwenyewe nimewaambia wanawake hivyo miaka mingi. Juzi juzi watafiti wamejaribu kuwatibu wote wawili pamoja, mume vidonge na dawa ya kupaka, na kurudi kukapungua sana. Kwa hiyo nimebadilisha maneno."

Daktari wetu akaandika dawa za watu wawili. Za Sharlyne nikazifunga kwa karatasi moja, za Egesa kwa nyingine. Sharlyne aliishika ile ya Egesa kwa vidole viwili tu.

"Hatameza hizi. Egesa ameze dawa ya wanawake? Hata aonekane nayo hatakubali."

"Atameza," nikamwambia. "Tena mbele ya wajomba na baba zake wote."

Nisidanganye. Nilifurahi. Siku mbili hizo nilizunguka zahanati nikijisemea maneno ya kikao, napanga lipi litatangulia na lipi litamkata Egesa zaidi. Ijumaa nilipiga pasi gauni langu la kitenge. Nilikuwa naenda Namboboto kuwavua watu nguo, na niliona ni haki yangu.

Mamake Sharlyne hakuweza kuja. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai pamoja hata kunywa chai, sembuse kuzungumzia uchi. Mambo kama hayo anatumwa shangazi. Kwa hiyo boma zima la kina Egesa lilikuwa limekaa upande mmoja, na upande wetu ni mimi na Sharlyne kwenye viti viwili vya plastiki, kimoja kimevunjika mguu na bila shaka hicho ndicho walichonipa mimi. Mamake Egesa alikuwa amekwisha kumpakata Yvonne, mikono imemzunguka mtoto tumboni. Aliwahi mapema huyo mama. Mwenyekiti alikuwa mzee Paulinus, baba mkubwa wa Egesa, ambaye alifungua kwa maombi marefu mpaka kuku wakaanza kutupita katikati ya miguu.

Egesa akasimama. Alisema yeye ni mwanaume anayejituma. Alisema anatafutia familia usiku na mchana. Alisema ametibu mke mara nne, na kila mara ugonjwa unarudi, na yeye si mtoto, anajua maana yake. Kisha akatoa kitambaa akajipangusa uso. Uso ulikuwa mkavu.

"Mama umesikia," mzee Paulinus akaniambia. "Upande wenu mna neno?"

Nina neno! Nilikuwa na gunia la maneno. Nilisimama, nikatoa karatasi ya maabara, nikaisoma yote. Nikawaeleza habari ya wenyeji na wageni, na maziwa ya mala, na sabuni ya Sylvia. Wazee wawili walitazama miguu yao nilipotaja uke kwa jina lake, nikalitaja mara tatu zaidi kusudi. Nikamgeukia Egesa.

"Waambie wazee, nani alimpeleka Sharlyne kwa Sylvia?"

Akakohoa. "Hiyo ni siri ya nyumba."

"Haya, ya nyumba ikae nyumbani. Sasa ya kikao ni hii: dawa ni ya watu wawili. Hii hapa ni yako."

Nikaiweka mezani. Ilikuwa pakiti ndogo, lakini vile waliitazama mngedhani nimeweka nyoka.

"Mimi si mgonjwa," Egesa akasema. "Mimi sinuki."

"Hata wewe huwezi kujinusa, boss. Hao wadudu wamekupanda wamekaa, na kila ukirudi kutoka Malaba unawashusha kwa mkeo. Kazi yako si mizigo? Huu umeupitisha mara nne bila kukaguliwa!"

Watu walicheka. Mjomba wake mmoja alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti, na kijana wa jirani aliyekuwa nje ya ua akapiga mluzi. Mimi nilisimama pale nikisikia utamu mpaka vidoleni. Nilimtazama Egesa akibadilika rangi na sikumwonea huruma hata chembe, nikaona sasa amekwisha.

Kumbe hapo ndipo nilipoharibu. Egesa alisimama polepole, akafunga vifungo vya koti.

"Nimetukanwa katika boma la baba yangu," akasema. "Mwanamke aende leo. Mtoto anabaki."

Kicheko kikakatika. Mamake akamkaza Yvonne zaidi, na Yvonne akaanza kunung'unika kwamba anabanwa. Nikasema ukweli umeshasemwa, karatasi iko hapa, mke hana kosa. Hakuna aliyebishana na karatasi. Hiyo ndiyo iliniuma baadaye, kwamba wote walikuwa wamenielewa vizuri.

Mzee Paulinus alijikuna kidevu. Ni mtu wa amani, na watu wa amani ndio hutoa mashauri ya ajabu zaidi.

"Mama muuguzi, nauliza. Si mke ameze zote mbili? Ng'ombe tulitoa, na Kitabu kinasema mume na mke ni mwili mmoja. Akimeza yeye, si itafika kwa mume?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama, nikaona hatanii, na wazee wengine wanatikisa kichwa kukubaliana naye.

"Mzee," nikasema, "wewe ukiumwa na jino, mama hapo nyumbani aking'olewa lake, utapona?"

"Sasa wewe unatutukana tena," mamake Egesa akasema. "Mwanangu hawezi kumeza dawa ya wanawake kama hakuna mtu amemkosea. Watu watasema nini?"

"Hiyo ndiyo shida," Paulinus akasema kwa upole, akinieleza kama mtoto. "Kama mke angekuwa amekosa, njia ipo. Anakiri, nyumba yenu inaleta kondoo, mume anasamehe, anatibiwa kile alichopakwa. Hapo hana aibu, yeye amekosewa. Lakini hakuna aliyekosa, halafu mume ameze dawa? Hapo mnamwambia kwamba yeye na mke ni sawa. Hiyo hatuna."

Nikacheka. Nilicheka kwa dharau ya wazi, kichwa nyuma, ili kila mtu ajue ninachofikiria juu ya boma lao na njia zao. Nilikuwa bado nacheka Sharlyne aliposimama.

"Nilitoka nje," akasema.

Nikageuka. Alikuwa anamtazama Yvonne, si mzee Paulinus wala Egesa.

"Sema kwa sauti, mama," Paulinus akasema.

"Nilitoka nje ya ndoa. Mara moja. Naomba msamaha kwa bwana yangu na kwa boma."

"Na nani?"

"Dereva wa lori. Simjui jina. Alikuwa anapita Malaba, akaenda zake."

"Anadanganya!" nikapiga kelele. "Wazee, huyu anadanganya! Karatasi nimewasomea!"

Mzee Paulinus alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, umekuja kumtetea mtoto au kumshtaki?"

Nikakunja karatasi, nikaketi kwenye kile kiti kibovu. Miaka hamsini na mbili, na ni mara ya kwanza kuketi kabla sijamaliza.

Mngeona Egesa! Mtu aliyekuwa amenywea kama tambara lililokamuliwa akajaa tena. Alijishika kifuani, akaketi, akasimama. Alisema moyo wake umevunjika. Alisema kama si Mungu angefanya kitu kibaya. Alisema, kwa ajili ya mtoto, anasamehe. Mamake alilia machozi, ya kweli kabisa, ya fahari, akasema mwanangu ana roho ya baba yake. Wazee walipitisha kondoo mmoja bila kubishana. Kisha Egesa akanyoosha mkono mezani, akachukua pakiti yangu, akaitisha maji.

Kikombe kilikuja. Akameza kidonge cha kwanza mbele yetu sote, kidevu juu, polepole, jinsi mtu anavyokula kiapo. Wajomba walitazama kwa heshima. Yule aliyecheka hakucheka.

"Muuguzi atuelekeze," Paulinus akasema.

Ilinibidi niseme. Nilisema kwamba vidonge ni siku saba, asubuhi na jioni, na ya kupaka vilevile, bila kuruka. Nilisema asiguse pombe wiki hiyo. Nilisema wasikutane mpaka wamalize wote wawili. Egesa alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huzuni, mgonjwa aliyeletewa ugonjwa na watu wabaya, na mwisho akaniambia, "Asante, shangazi. Tunayaweka nyuma."

Mamake Egesa akalegeza mikono. Yvonne akateremka, akavuka uwanja katikati ya kuku, akaenda kushika gauni la mamake.

Sharlyne alinisindikiza mpaka barabarani, mtoto mgongoni. Nilitembea mbele kwa hasira, nikageuka.

"Umejipaka mavi kwa mikono yako mwenyewe. Utaitwa malaya mpaka uzeeke. Nilikuwa nimeshinda, Sharlyne! Ungenyamaza tu!"

"Ndiyo, ulikuwa umeshinda, shangazi," akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Na Yvonne alikuwa anabaki."

Nilimdharau. Nakiri. Nilimdharau kwa hatua kama kumi, kwa vile aliinamisha kichwa mbele ya watu wale. Halafu nikakumbuka nani aliyewachekesha watu mpaka Egesa akafunga vifungo vya koti, na dharau ikanirudia mimi, na nikapanda pikipiki bila kumuaga vizuri.

Alipona. Baada ya mwezi nilimpima tena, Protus akaniita kwenye hadubini, na vijiti virefu vilikuwa vimerudi, vimelala kila upande. Sabuni alikuwa ameitupa chooni. Egesa naye alimaliza dawa bila kuruka hata siku moja. Pale Malaba anawasimulia madereva jinsi alivyomsamehe mkewe, nao wanamnunulia soda, na Sharlyne akipita na kikapu chake cha mboga za kuuza wanampigia mluzi. Hawezi kuuza upande ule tena. Anazunguka na Yvonne njia ya nyuma.

Juma lililofuata, siku ya Jumanne, mwanamke mmoja alibaki baada ya mafunzo. Ni mke wa fundi wa magurudumu pale Malaba, watoto wanne, mtu mpole. Nilimpima, ni kile kile. Nikamweleza kila kitu kwa upole, najaribu siku hizi, nikamwambia dawa ni ya wawili.

"Najua," akasema. "Nimesikia vile mke wa Egesa alifanya. Wenzangu wawili pia wamefanya hivyo, na mabwana wamemeza."

"Wamefanya nini?"

"Wamekiri."

Nje watu walikuwa wanabishana juu ya foleni. Nilikuwa na hotuba nzima kooni, juu ya wanaume, na wazee, na kondoo wasio na hatia, na wanawake wanaojitia matope wenyewe. Mwanamke aligeuza pakiti ya mumewe mkononi, akasogeza kiti, akashusha sauti.

"Sasa sista, mimi sijui madereva. Niseme alikuwa wa wapi?"

Nilimtazama sana. Kisha nikainuka, nikafunga mlango.

"Sema wa Juba," nikamwambia. "Huko ni mbali, hawataenda kumuuliza."